EQ6 ya zamani, nyota zinavutika upande wa RA: nianze na mkanda, beringi au nini?

pwani_usiku (Bagamoyo)

Habari za jioni wakuu. Nina maunti (kibeba darubini chenye mota) ya EQ6 Pro, ile nyeusi yenye SynScan, remote ya mkononi. Juu yake kuna darubini ya lenzi ya mm 80, fokasi mm 480, na kamera ya pikseli za maikroni 3.76. Mzigo wote bila vyuma vya kusawazisha haufiki kilo 7. Gaidingi (kusahihisha ufuatiliaji kwa kuangalia nyota) nafanya kwa programu ya PHD2.

Matatizo ni haya:

Picha za sekunde 120 nyota zinatoka kama punje za mchele, zimevutika upande wa RA (mhimili unaofuata anga, mashariki-magharibi). RMS (wastani wa kosa) ya RA inacheza kwenye 2.1″ (sekunde za tao), Dec (mhimili wa kaskazini-kusini) 0.9″. Nikipunguza hadi sekunde 30 nusu ya picha zinafaa.

Dec ikigeuza mwelekeo, inapita kama sekunde 7 ndipo nyota isogee. Ukishika darubini kwa mkono na klachi imefungwa, unasikia inacheza "tk, tk".

RA ikizungushwa kwa kasi ya 9 inalia sehemu moja tu ya mduara, kwingine kimya.

Skrubu moja ya kuinua na kushusha mhimili imepinda, na mhimili haushuki vizuri kufika digrii 6.4 za latitudo ya huku. Chuma cha mizigo ya kusawazisha kinagonga mguu wa tripodi.

Nimeona kiti za mkanda (seti za puli na mkanda badala ya gia za mota) zinauzwa Uingereza, nikijumlisha usafiri na ushuru si pesa ndogo. Je, nianze na huo mkanda, nibadilishe beringi zote, au niachane nayo kabisa? Chuma chenyewe bado kizima, kutu ipo kwenye boliti tu.

---

gia_na_grisi

Mkuu, usiagize kitu bado. RMS peke yake haisemi ugonjwa uko wapi. Pima kwanza, ni kazi ya nusu saa.

Lenga nyota iliyo karibu na ikweta ya anga na karibu na meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini). Huko pwani hiyo ni karibu utosini kabisa, kwa hiyo angalia kamera isigonge mguu. Fungua Guiding Assistant ya PHD2, iache ifuatilie bila kusahihisha kwa dakika 24. Kwa nini 24: gurudumu la womu (skrubu inayozungusha gurudumu la mhimili) la EQ6 lina meno 180, womu moja inazunguka kwa sekunde 478.7, na unahitaji angalau mizunguko 3. Mwisho kubali ipime na mchezo (ulegevu) wa Dec. Kisha fungua logi kwenye PHD2 Log Viewer, chagua uchambuzi wa masafa upande wa RA, utuletee vilele vitatu:

Sekunde 479: womu yenyewe, au beringi zake.

Sekunde 122: gia ndogo ya mota. Uwiano wa gia ni 47 kwa 12, na 478.7 × 12 ÷ 47 inakupa 122.2.

Sekunde 10.2: jino moja moja la gia kubwa likiuma la ndogo. 478.7 ÷ 47.

Mkanda unatibu hivyo viwili vya chini. Cha 479 hauugusi hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa: anafunga mkanda wa bei mbaya, womu bado imekaa vibaya, anarudi kulalamika.

Na kabla ya hayo yote, pima umeme. Taa nyekundu ya nguvu ikipepesa wakati maunti inakimbia, volti zimeshuka. Waya wa mm² 0.75 wenye urefu wa mita 5 unapoteza karibu volti 0.7 kwa ampea 3, kwa hiyo betri ya 12.2 inafika kwenye maunti ikiwa 11.5. Weka waya wa mm² 2.5, upotevu unashuka hadi volti 0.2. Mota yenye njaa ya umeme inaruka hatua, nawe unadhani ni gia.

---

pwani_usiku

Asante mkuu. Nimepima usiku wa jana, anga ilikuwa nzuri. Kilele hadi bonde: sekunde 479 ni 11″, sekunde 122 ni 4.8″, sekunde 10.2 ni 2.6″. Mchezo wa Dec milisekunde 6,800. Umeme uko sawa, volti 12.6 kwenye plagi ikiwa inakimbia.

Kwa hesabu hiyo womu ndiyo mbaya kuliko zote, si ndiyo? Basi mkanda niuache.

---

gia_na_grisi

Hapana, hapo umesoma kimo cha wimbi ukasahau kasi yake. Kinachoshinda gaidingi ni sekunde ngapi za tao nyota inakimbia kwa sekunde moja. Chukua nusu ya kilele hadi bonde, zidisha kwa 6.28, gawa kwa kipindi:

Womu: 5.5 × 6.28 ÷ 479 = 0.07″ kwa sekunde.
Gia ya mota: 2.4 × 6.28 ÷ 122 = 0.12″ kwa sekunde.
Meno: 1.3 × 6.28 ÷ 10.2 = 0.80″ kwa sekunde.

Ile 11″ inayokutisha ni mzee anayetembea na bakora. PHD2 ikipiga picha kila sekunde 2 inamfikia bila jasho, na 11″ kwa EQ6 iliyozeeka wala si aibu. Huyo wa 10.2 ndiye mwizi. Ukimfukuza kwa picha za sekunde 2 unafika kila mara ameshageuka, na ukifupisha hadi sekunde 0.5 unaanza kufukuza mtetemo wa hewa. Pikseli yako moja ni 206.265 × 3.76 ÷ 480, yaani 1.6″. Wimbi la 2.6″ linatosha kabisa kukupa punje za mchele.

Kwa hiyo mkanda ndiyo, ila uwe wa mwisho. Mpangilio wangu: kusafisha na grisi, beringi za womu, mkao wa womu, halafu mkanda. Ukifunga mkanda kwenye womu inayokwama sehemu moja, meno ya mkanda ndiyo yatakayoruka.

Kusafisha. Piga picha za simu kila hatua, hasa waya za mota kabla hujazichomoa, maana plagi za RA na Dec zinafanana. Nati za duara zinazobana mihimili zina skrubu ndogo zisizo na kichwa ubavuni. Legeza hizo kwanza, zote, ndipo uzungushe nati. Ukilazimisha unakula hesi za alumini na hapo hakuna kurudi nyuma. Boliti iliyoshikwa na chumvi ya bahari: mafuta ya kupenya, iache ilale usiku kucha, asubuhi pasha moto alumini inayoizunguka kwa kipuliza joto, halafu jaribu. Usipige nyundo.

Grisi ya zamani ile ya njano inayonata kama ulimbo, itoe yote kwa mafuta ya taa na mswaki, malizia na spiriti isiyo na mafuta. Petroli usiitumie, inakula plastiki na nyumba inanuka wiki nzima. Grisi mpya iwe ya sintetiki yenye PTFE, au lithiamu ya kawaida NLGI 2. Weka filamu nyembamba kwenye meno ya gurudumu, kiasi kwamba bado unaona rangi ya chuma chini yake. Nyuso za klachi ziwe kavu kabisa. Tone moja la grisi hapo na darubini itateleza ikiwa imelenga juu, utajiuliza mbona RA "haifuati".

Beringi. Kabla ya kununua seti nzima, oshe kila moja, iweke kwenye kidole, izungushe taratibu ukiwa umeisogeza karibu na sikio. Ikiwa laini, irudishe na grisi mpya. Zile kubwa za mihimili zinazunguka mara moja kwa siku, hazichoki kirahisi, huwa ni chafu tu. Zinazostahili kubadilishwa bila mjadala ni nne za womu, namba 608, mbili kila mhimili. Ni mm 8 ndani, 22 nje, unene 7, saizi ile ile ya sketi za magurudumu, zipo kila duka la beringi. Lakini usichukue zile za bei ya karanga. Chukua za kampuni inayojulikana, zenye kifuniko cha chuma au mpira. Beringi mbovu ya womu inaonekana moja kwa moja kwenye picha, kwa sababu kosa lake linazunguka na womu.

Kuiingiza: sukuma kwa bomba linaloshika pete ya nje wakati wa kuingiza kwenye nyumba yake, na pete ya ndani wakati wa kuingiza kwenye shafti. Ukisukuma pete isiyostahili, zile gololi zinaacha vidonda kwenye njia yake, na beringi mpya inakuwa mbovu kuliko ya zamani.

---

mstari_sifuri (Nanyuki)

Hapo kwa womu niongeze kidogo, kwa sababu watu huchanganya vitu viwili: kucheza kwa womu kwenda mbele na nyuma ndani ya nyumba yake, na nafasi kati ya womu na gurudumu. Dalili zote mbili ni "tk, tk" ile ile.

Anza na ya kwanza. Shika shafti ya womu, isukume na kuivuta. Ikisogea hata kidogo, kaza kifuniko cha hesi kilicho mwishoni mwa nyumba yake mpaka isisogee, kisha hakikisha bado inazunguka kwa vidole viwili. Ikikataa, rudisha kifuniko nyuzi chache. Funga tena skrubu yake ya kukizuia.

Ndipo uje kwa nafasi ya meno. Legeza boliti zinazoshika nyumba ya womu kiasi tu cha kuisogeza, zisiwe wazi. Kuna skrubu mbili ndogo zinazosukumana: moja inasogeza womu karibu na gurudumu, nyingine inaiondoa. Legeza moja kwa robo ya robo ya mzunguko, kaza nyingine kiasi hicho hicho. Alenki nzuri tafadhali, ya bei rahisi inaviringisha tundu na hutaitoa hiyo skrubu tena.

Sasa zungusha mhimili mzima digrii 360 ukisimama kila digrii 45, ujaribu mchezo kwa mkono kwenye vituo vyote 8. Gurudumu si duara kamili, kwa hiyo kuna mahali patakuwa pamebana na mahali pamelegea. Kelele yako ya kasi ya 9 inatokea pale palipobana. Weka marekebisho kwa kituo kile kilichobana zaidi: pale kuwe na mchezo mdogo sana unaousikia kwa vidole lakini huuoni kwa macho. Kwingine kote utakuwa umelegea kidogo zaidi, na hiyo ni lazima uikubali. Ukifuata kituo kilicholegea, kile kingine mota itakwama na kupiga yowe.

Fanya hiyo kazi usiku nje, si mchana kwenye veranda. Alumini na chuma havinywei sawa, na huku kwetu chini ya mlima tofauti ya mchana na usiku ni kubwa. Maunti iliyowekwa sawa saa tisa mchana inaweza kukwama saa tisa usiku.

Mchezo wa Dec ukifika chini ya milisekunde 1,500 wacha hapo, usitafute sifuri. Kisha kwa makusudi acha mlengo wa ncha (mhimili wa RA kuelekea ncha ya kusini ya anga) na kosa dogo, dakika 2 au 3 za tao, Dec iwe inateleza upande mmoja polepole. Kwenye PHD2 weka Dec isahihishe upande huo unaopinga tu. Haigeuzi mwelekeo, basi mchezo hauna kazi tena. Ukisawazisha RA, acha upande wa mashariki mzito kidogo ili meno yakae yameegemea womu.

---

pwani_usiku

Shukrani sana wote. Kuhusu mkanda: kuna fundi ananiambia anaweza kupata puli za GT2 za printa za 3D, meno 16 na 64, kwa bei ya soda ukilinganisha na kiti. Kuna ubaya?

Na latitudo je? Hiyo skrubu iliyopinda naogopa kuigusa.

---

gia_na_grisi

Puli za 16 na 64 zinakupa uwiano wa 4. Maunti yako inategemea 47 kwa 12, yaani 3.917. Jumla ya awali ni 180 × 47 ÷ 12 = 705, na mota ya hatua 200 ikigawanywa mara 64 inakuwa hatua 9,024,000 kwa mzunguko. Kwa uwiano wa 4 ni 720, hatua 9,216,000. Remote ya SynScan haijui hilo, itafuatilia polepole kwa karibu asilimia 2, na asilimia 2 ya kasi ya anga, 15″ kwa sekunde, ni 0.3″ kila sekunde. Hakuna picha hapo.

Ukiendesha kwa kompyuta kupitia programu ya EQMOD, kuna sehemu ya kuingiza uwiano wako mwenyewe, ufuatiliaji unakuwa sahihi na unaokoa pesa. Lakini remote uisahau. Kama bado unaitaka remote, nunua kiti yenye meno 47 na 12, hubadilishi chochote kwenye programu.

Chochote utakachochagua: gia ya zamani kwenye shafti ya mota itoe kwa pula ndogo (chombo cha kung'olea gia). Usigonge. Na usije ukaifungua mota na kuchomoa rota ya ndani, sumaku yake inapungua nguvu na mota haitakuwa ile tena. Kama kuna gia ya kati, inaondolewa kabisa, hairudi. Skrubu ya puli ikae kwenye ule upande bapa wa shafti, tone moja la gundi ya kukazia ya bluu, si nyekundu. Puli mbili ziwe kwenye mstari mmoja, hakiki kwa rula ya chuma. Mkanda ukibonyeza katikati kwa kidole uingie mm 2 hivi. Wengi wanaukaza kama uzi wa gitaa, unavuta shafti ya mota pembeni na wimbi la sekunde 122 linarudi kwa jina jingine.

Kitu kimoja zaidi kuhusu EQMOD: kebo ya EQDIR inachomekwa pale ilipokuwa remote, na ni ya volti 5 TTL. Kebo ya kawaida ya RS232 ya kompyuta ukiichomeka moja kwa moja pale inaunguza bodi. Plagi zinafanana, usidanganyike.

---

mstari_sifuri

Latitudo ndiyo eneo langu, hapa tuko kwenye mstari wenyewe. Maunti hizi zimechorwa kwa watu wa latitudo 30 hadi 55. Ukiilaza chini hivi, uzito wote unaegemea skrubu moja, na ndiyo maana imepinda. Itoe ikiwa haina mzigo: ondoa darubini, ondoa vyuma, mtu mmoja ashikilie kichwa. Mpelekee mkerezaji ya zamani kama sampuli, atoe mpya kwa chuma cha daraja 8.8 au zaidi, ncha ya mviringo, mpini mrefu wa kushika. Ipake grisi kabla ya kuirudisha, chuma ndani ya alumini kando ya bahari vinaoana milele. Tangu hapo, kila ukirekebisha, malizia kwa kuinua, usimalizie kwa kushusha.

Kuhusu kufika 6.4: usiilazimishe. Iache maunti kwenye digrii 20 pale inapojisikia, halafu inamisha kilicho chini yake digrii 13.6 upande wa kusini. Kwa miguu ya tripodi, kama nyayo ziko mita 1 kutoka moja hadi nyingine na mguu mmoja unaelekea kusini, huo mguu unapaswa kuwa chini kwa karibu sm 21 kuliko wenzake. Inawezekana, lakini mzigo wote unaegemea kusini na upepo wa bahari ukija utaamka usiku. Siipendi.

Kabari ni bora. Mwambie mchomeleaji akupe mabamba mawili ya chuma ya mm 10, yafunguke kama kinywa cha mamba: kwa bamba la mm 200, upande wa kaskazini unainuka karibu mm 48. Bamba la juu litobolewe tundu la boliti ya kati na kile kijiti cha azimuthi kikae upande wa kusini. Kabari ukiiweka juu ya nguzo ya saruji badala ya tripodi, chuma cha mizigo hakigongi kitu tena. Kama unabaki na tripodi, tazama kama bamba lake la juu lina tundu la pili la kijiti, lile lililo kati ya miguu miwili. Ukikihamishia hapo, mizigo inapita katikati ya miguu.

Kulenga ncha: sahau Sigma Octantis, nyota ya karibu na ncha ya kusini ya anga. Ni ya ukubwa wa 5.4, hafifu, kwako ipo digrii 6 na kitu juu ya upeo, ndani ya ukungu na taa. Hata ukiiona, hewa imeiinua karibu dakika 8 za tao. Tumia Three Point Polar Alignment ndani ya programu ya NINA, na ASTAP ya kutatua picha (kutambua imelenga wapi angani): inapiga picha tatu ukizungusha RA, mahali popote angani, inakupa kosa la juu-chini na la kushoto-kulia. Kwa kuanza, lalisha mhimili kwa programu ya mwinamo ya simu, na kusini uchukue kwa dira ukiwa umesimama mbali na chuma. Usitegemee kivuli cha adhuhuri: mwanzoni mwa Machi na karibu Oktoba 10 jua linapita juu ya kichwa chako, kivuli hakipo.

---

pwani_usiku

Nimemaliza kusafisha, beringi nne mpya, womu imekaa. RA sasa kimya mduara mzima, mchezo wa Dec milisekunde 1,300. Kiti ya mkanda ya 47 kwa 12 nimeagiza.

Ila kitu cha ajabu: SynScan nikiiambia iende Canopus inaenda chini ya upeo. Latitudo nimeweka 6 na dakika 26 S, longitudo 38 na dakika 54 E, saa za eneo +3. Muda nimeweka 02:15.

---

gia_na_grisi

Saa mbili na robo usiku, si ndiyo? Remote haijui Kiswahili mkuu. Weka 20:15. Na tarehe inaanza na mwezi, kisha siku, kisha mwaka. Swali la saa za kiangazi jibu NO.